Uso Ukipinda kwa Mtu Anayetumia Dawa za Kifafa: Hatua za Kutenganisha Kiharusi, Udhaifu wa Baada ya Mtukutiko na Dawa Zilizozidi Mwilini

Mgonjwa wa kifafa anaposhindwa ghafla kutamka maneno, au anapoanza kuyumba mlangoni kama mtu aliyelewa, wanaomzunguka hugawanyika mara moja. Mmoja husema ni kiharusi, mwingine husema ni kile kifafa chake cha siku zote na atapoa akilala, wa tatu hulaumu vidonge. Kila mmoja anaweza kuwa amesema kweli, kwa kuwa ubongo una njia chache za kuonesha kwamba umeumia, na njia hizo ni zilezile iwe mshipa wa damu umeziba, iwe mtukutiko, yaani shambulio la kifafa, umeuchosha, au iwe dawa imejaa kwenye damu kupita kiasi.

Msimamo wangu niuseme mapema ili msomaji mwenye haraka asilazimike kufika mwisho. Ulegevu wa upande mmoja wa mwili uliotokea ghafla uchukuliwe kuwa kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo, hata kama mtu huyo ana kifafa tangu utotoni na hata kama amebadilishiwa dawa juzi. Dawa za kifafa zikizidi mwilini kwa kawaida huathiri pande zote mbili na hujitokeza taratibu kwa saa au siku kadhaa. Hatua zifuatazo zinamsaidia mtu wa nyumbani kuona tofauti hiyo, kutoa maelezo yanayofaa hospitalini, na kuzuia jambo hilo lisijirudie.

Hatua ya kwanza: uso, mikono, maneno, kisha saa

Mwambie mgonjwa aoneshe meno, na utazame kama pembe moja ya mdomo inabaki nyuma. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, afumbe macho na ahesabu hadi kumi. Mkono ulioathirika hushuka polepole na kiganja hujigeuza kuelekea ndani, mara nyingi bila mwenyewe kujua. Mwambie arudie sentensi fupi, kwa mfano "leo asubuhi nimekunywa chai na mkate", na hapo usikilize mambo mawili tofauti. La kwanza ni matamshi: maneno yanaburutika, lakini yana maana. La pili ni maneno yenyewe: anaita kijiko ufunguo, au anatoa sauti zisizo na neno ndani yake, au haelewi unachomwambia. Matamshi ya kuburutika yanaweza kutokana na dawa au na kiharusi, lakini maneno kuvurugika namna hiyo ya pili kwa ghafla ni dalili ya kutia hofu zaidi.

Baada ya hapo, tazama saa na uiandike. Kinachotakiwa ni saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, na saa hiyo inaweza kuwa mbali kabisa na ile uliyoanza kumwona mgonjwa. Akiamka saa kumi na mbili asubuhi mdomo umepinda, na alilala saa nne usiku akiwa mzima, saa inayohesabiwa ni saa nne usiku. Andika kwa namna isiyoleta utata: "saa nane mchana, yaani 14:00". Wanaotumia saa za Kiswahili nyumbani na saa za Kizungu kwenye fomu hupoteza hapa saa sita nzima kwa neno moja tu, na saa sita hizo zinaweza kuamua kama mgonjwa atapewa dawa au hatapewa.

Saa ina uzito huo kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa wa ubongo, inayoitwa alteplase, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu mgonjwa aonekane mzima, na hutolewa tu baada ya picha ya CT ya kichwa kuonesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Katika Afrika Mashariki hospitali zenye mashine na dawa kwa pamoja ni chache na ziko zaidi kwenye miji mikubwa. Kwa hiyo, wakati mmoja anatafuta teksi au bajaji, mwingine aipigie simu hospitali kuuliza kama mashine ya CT inafanya kazi siku hiyo. Kwenda moja kwa moja hospitali ya mbali kidogo yenye mashine kunaweza kuwa na faida kuliko kupitia kwanza kituo ambacho kitakuandikia rufaa tu, ilimradi mgonjwa anapumua vizuri na hatukutiki.

Wakati wa kusubiri usafiri kuna mambo ambayo watu hufanya kwa nia njema na yanaumiza. Usimpe aspirini, kwa sababu kama mshipa umepasuka utaongeza uvujaji. Usimwekee kidonge cha presha chini ya ulimi, hata kama kipimo kimesoma 200 juu, kwa kuwa presha ikishuka kwa kishindo sehemu ya ubongo iliyobanwa hukosa damu kabisa. Usimpe chai, uji wala kidonge chake cha kifafa kwa mdomo kabla ya kujua kama anameza vizuri. Koo lililolegea hupeleka vyote hivyo kwenye mapafu. Kama mna kifaa cha kupima sukari, pima, kwa sababu sukari iliyoshuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita inaweza kuiga kiharusi kwa ukamilifu, ikiwa ni pamoja na kulegea upande mmoja, hasa kwa mtu anayetumia dawa za kisukari.

Kama bado anatukutika, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu na kichwa, legeza nguo ya shingoni, na usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni. Kumnusisha kitunguu au kumwagia maji hakukatishi mtukutiko. Mtukutiko ukipita dakika 5, au ukikata na kurudi kabla hajapata fahamu, hiyo ni dharura inayojitegemea na safari ianze hapohapo.

Hatua ya pili: uliza kama alianguka kabla ya kulegea

Baada ya mtukutiko, hasa ulioanzia upande mmoja wa mwili, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikifyatua umeme bila mpangilio inaweza kubaki imezimika kwa muda. Mkono na mguu wa upande huo hulegea, pengine hata usemi hupotea. Madaktari huita hali hiyo kupooza kwa Todd, kwa jina la Robert Bentley Todd, tabibu aliyefundisha King's College jijini London na kuieleza hali hiyo katika karne ya 19. Inaweza kuisha ndani ya nusu saa au kuendelea hadi saa 36, na wastani wake ni saa 15 hivi. Kisha nguvu hurudi.

Shida inakuja pale mtukutiko ulipotokea bila shahidi. Mtu anakutwa sakafuni, mkono wa kulia umelegea, na hakuna aliyeona kilichotangulia. Hapo tafuta alama: ulimi uliong'atwa pembeni, suruali au kanga iliyolowa mkojo, povu lenye damu kwenye mto, misuli inayouma kesho yake kana kwamba alilima siku nzima. Alama hizo zinaonesha kwamba inaelekea alitukutika, lakini hazithibitishi kwamba hana kiharusi, kwa sababu kiharusi chenyewe kinaweza kuanza kwa mtukutiko, na kwa watu wazima waliovuka miaka 60 kiharusi ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya kifafa kipya. Kama mgonjwa hajawahi kulegea upande mmoja baada ya mitukutiko yake ya nyuma, msifanye hesabu ya "tusubiri Todd aondoke". Mwenye historia inayojulikana, ambaye kila akianguka mkono wa kushoto hulegea kwa saa mbili kisha hurudi, anaweza kufuata maagizo aliyopewa na daktari wake. Akizidisha muda wake wa kawaida, au safari hii ukalegea upande mwingine, apelekwe.

Mtoto mwenye seli mundu hana nafasi ya kusubiri hata kidogo. Kiharusi kwa watoto hao kipo, na degedege pamoja na mkono uliolegea ni sababu ya kukimbia.

Hatua ya tatu: itambue sura ya dawa iliyozidi

Shangazi yangu alikuwa ametumia kabamazepini, dawa yake ya kifafa, kwa zaidi ya miaka kumi bila usumbufu wowote. Msimu mmoja wa baridi alikohoa, akaenda duka la dawa la mtaani, akauziwa antibiotiki ya eritromaisini, na hakuna aliyemuuliza anatumia nini kingine. Siku ya tatu asubuhi alikaa kwenye mkeka, akainua birika, akamimina chai katikati ya vikombe viwili, juu ya mkeka mtupu, kwa sababu yeye alikuwa akiona vikombe vinne. Alipotaka kuinuka aliangukia ukuta. Ulimi ulikuwa mzito, na jirani aliyekuwa anapita alitangaza kiharusi kabla hata hajavua viatu.

Tulimpeleka hospitali na bado naona tulifanya sawa. Lakini tukiwa njiani niliona mambo ambayo baadaye daktari aliyatafsiri: alitabasamu pande zote mbili sawasawa, alinibana vidole kwa nguvu zilezile kwa mikono yote miwili, na hali ilikuwa imeanza jana yake kwa kizunguzungu na kichefuchefu alichokidhania njaa. Daktari alimwomba afuate kalamu kwa macho bila kugeuza kichwa. Macho yalipofika pembeni yalianza kurukaruka, kama yanayosoma mstari mmoja na kuurudia. Kisha akamwomba atembee kwa kugusisha kisigino na ncha ya mguu mwingine, akashindwa hatua ya pili. Eritromaisini ilisimamishwa, dozi za kabamazepini zikarekebishwa kwa amri ya daktari, na siku ya tatu alienda chooni bila kushika ukuta. Eritromaisini huzuia ini lisivunje kabamazepini, hivyo vidonge vilevile, kwa idadi ileile, vilikuwa vimegeuka kuwa dozi kubwa ndani ya siku chache.

Hiyo ndiyo sura ya kawaida: kizunguzungu, kuona viwili viwili, macho kuchezacheza, kuyumba kwa miguu iliyoachana, ulimi mzito, usingizi, kichefuchefu, mikono kutetemeka. Inaelemea pande zote mbili, na mara nyingi hufuata saa za dawa: inazidi saa chache baada ya kumeza, inapungua kabla ya dozi inayofuata.

Kuna mtego mmoja unaonasa hata wahudumu wa afya. Kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo, yaani cha serebelamu au shina la ubongo, huleta dalili hizohizo za kizunguzungu, kuona viwili, kuyumba na kutapika, na uso unaweza usipinde kabisa. Tofauti kubwa iko kwenye mwanzo wake. Kama mgonjwa anaweza kukuambia dakika yenyewe ("nilikuwa nachambua mchele, ghafla nyumba ikazunguka"), au kuna maumivu makali ya kichwa au shingo, au amekwama kabisa asiweze kukaa bila kushikiliwa, mhesabu kuwa ana kiharusi. Kadhalika, mtu aliyewahi kupata kiharusi zamani, dawa zikimzidi, chumvi ya damu ikishuka au akipata maambukizi, ule udhaifu wake wa zamani unaweza kuchomoza upya upande uleule. Kuutenganisha na kiharusi kipya ni kazi ya hospitali na mashine ya picha. Nyumbani haiwezekani.

Hatua ya nne: jua dawa yako inaleta matatizo kwa njia gani

Fenitoini ndiyo inayostahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa bado inatumika sana na tabia yake inawashangaza wengi. Dawa nyingi zikiongezwa kidogo, kiwango chake kwenye damu nacho huongezeka kidogo. Kwa fenitoini, ini lina uwezo wa kuivunja hadi kikomo fulani, na kikomo hicho kikifikiwa, nyongeza ndogo hujaa kama maji kwenye beseni ambalo bomba lake la kutolea limeziba nusu. Mtu aliyetulia kwa miligramu 300 kwa siku akiongezewa 100 kwa mkupuo anaweza kupita mpaka ndani ya wiki moja au mbili. Ndiyo maana madaktari waangalifu huongeza 25 hadi 50 tu. Kiwango kinachokubalika ni maikrogramu 10 hadi 20 kwa mililita moja ya damu. Kikivuka 20 macho huanza kuchezacheza, kikivuka 30 mtu huyumba, kikivuka 40 husinzia na kuchanganyikiwa, ingawa miili hutofautiana. Na kipimo chenyewe kinaweza kudanganya: fenitoini husafiri ikiwa imeshikwa na protini ya albumini, hivyo mgonjwa aliyedhoofika kwa lishe duni, au mwenye ugonjwa wa ini au figo, anaweza kuwa na jibu la 15 kwenye karatasi huku akiyumba kwa sumu. Mgonjwa wa namna hiyo apimwe na albumini pia. Ikitumika kwa miaka mingi fenitoini huvimbisha fizi, na ikizidi kwa muda mrefu inaweza kusinyaza serebelamu, ambapo kuyumba hakurudi nyuma hata dawa ikibadilishwa.

Kabamazepini ina njia mbili za kuleta matatizo. Ya kwanza ni ile ya shangazi. Ya pili ni kushusha chumvi ya sodiamu kwenye damu, na hii huwakumba zaidi wazee ambao kliniki nyingine imewaandikia vidonge vya presha vya kukojosha vya jamii ya hidroklorothiazaidi. Mzee anaanza kusinzia, anachanganya majina ya wajukuu, anaanguka, pengine anatukutika. Familia inasema kiharusi, wengine wanasema kifafa kimezidi na kudai dawa iongezwe, hali inayozidisha tatizo. Kipimo cha chumvi za damu hulifumbua.

Valpoeti ya sodiamu hutetemesha mikono, hunyonyoa nywele, huongeza uzito. Jambo la kuangalia ni mgonjwa anayezidi kuwa mzito wa akili, anayetapika na kusinzia, kwa kuwa dawa hii inaweza kupandisha amonia kwenye damu hata pale vipimo vya kawaida vya ini vinaposomeka vizuri, na hatari huongezeka ikichanganywa na topirameti au fenobabitali. Inaweza pia kushusha chembe zinazogandisha damu, hivyo michubuko isiyoeleweka iripotiwe. Mwanamke anayeweza kushika mimba azungumze na daktari mapema, kwa kuwa takriban mtoto 1 kati ya 10 waliokuwa tumboni dawa hii ikitumika huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile.

Fenobabitali hulewesha kwa usingizi na kuburuta maneno, zaidi wiki za mwanzo. Topirameti ina usumbufu wa pekee: mgonjwa anatafuta neno analolijua na halipati, na vidole na midomo hushikwa na ganzi yenye kuchomachoma, na watu wengi hukimbilia kudhani kiharusi. Ganzi ya pande zote mbili inayokuja na kuondoka tangu wiki ya kuanza dawa inaelekea kwenye dawa. Ganzi ya mkono na shavu la upande mmoja iliyokuja kwa ghafla inaelekea hospitali. Topirameti ikileta jicho kuuma na kuona ukungu ndani ya mwezi wa kwanza, hiyo ni presha ya jicho na ni dharura. Lamotrijini huleta kuona viwili hasa ikiunganishwa na kabamazepini.

Vipele vipya baada ya kuanza lamotrijini, kabamazepini, fenitoini au fenobabitali vinahitaji mtu wa kuvitazama siku hiyohiyo. Vikiambatana na homa, vidonda mdomoni au macho mekundu, dozi inayofuata isimezwe kabla ya kufika hospitali. Hilo ni mojawapo ya mambo machache sana ambapo kusitisha dozi ni sahihi kabla ya kuonana na daktari.

Hatua ya tano: tafuta kilichobadilika ndani ya wiki nne

Mtu aliyetulia na dawa kwa miaka halewi nazo bila sababu. Anza na dawa mpya. Eritromaisini na klarithromaisini hupandisha kabamazepini. Isoniazidi, hata ile inayotolewa peke yake kwa kinga ya kifua kikuu, hupandisha fenitoini na kabamazepini. Flukonazoli ya fangasi, na antibiotiki za kloramfenikoli na kotrimoksazoli, hupandisha fenitoini. Valpoeti hupandisha fenobabitali na lamotrijini. Upande wa pili, rifampisini ya kifua kikuu huteremsha nyingi kati yake na kufungua mlango wa mitukutiko, na dawa za kifafa zenyewe huteremsha nyingine: kabamazepini, fenitoini na fenobabitali hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, hupunguza dawa mseto ya malaria, na hupunguza dolutegravir ya virusi vya UKIMWI, ambayo kwa anayetumia kabamazepini hutakiwa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Maji ya balungi hupandisha kabamazepini. Ni jambo dogo ambalo wenye mti uani hawaambiwi.

Kisha tazama kidonge chenyewe. Je, safari hii boksi ni la kiwanda kingine? Je, vidonge vya miligramu 200 vimekuwa vya 400 na mtu anaendelea kumeza viwili? Kidonge cha kuachia dawa polepole kikipondwa kwa sababu mgonjwa hamezi vizuri, dawa ya siku nzima humwagika kwa saa chache. Na kama ni dawa ya maji ya fenitoini, ishike chupa na uitazame dhidi ya mwanga: utaona tabaka zito chini na maji mepesi juu. Isipotikiswa sawasawa kila mara, mtoto anakunywa dawa hafifu wiki mbili za mwanzo na kutukutika, kisha anakunywa dawa kali kutoka chini ya chupa na kuanza kuyumba. Watu wa nyumbani huona mambo hayo mawili kama magonjwa mawili, kumbe yametoka kwenye chupa moja na kijiko kilekile cha chai, ambacho nacho hakina kipimo cha uhakika. Omba bomba la plastiki la kupimia.

Uliza pia kuhusu kuhara, kutapika, kupungua uzito, mimba, pombe, dawa za miti shamba, na Ramadhani. Anayefunga hubana dozi zote kati ya futari na daku, na wakati mwingine humeza dozi mbili pamoja ili kulipa ya mchana. Mpangilio wa Ramadhani ukapangwe kliniki kabla ya Shaabani kwisha.

Hatua ya sita: ukifika hospitalini

Sema maneno haya kwa mpangilio huu, maana mtu wa mapokezi ana sekunde chache: "Ameonekana mzima mara ya mwisho saa fulani. Amelegea upande huu. Ana kifafa, anatumia dawa hizi. Alitukutika," au "hakutukutika." Usianze na historia ya utotoni. Usiruhusu neno "kifafa" lifunge mjadala. Nimeshuhudia mgonjwa akiwekwa benchi kwa saa tatu kwa sababu aliyempokea alisikia neno hilo na kuona hakuna haraka. Uliza kwa adabu: "Daktari, tumeshaondoa uwezekano wa kiharusi?"

Beba boksi na vidonge vyenyewe, hata vilivyokwisha, pamoja na kadi ya kliniki na kila kilichonunuliwa duka la dawa mwezi huo. Vipimo vya msingi ni sukari, picha ya CT ya kichwa, chumvi za damu, vipimo vya ini na figo, malaria, na kiwango cha dawa kwenye damu pale maabara inapokiweza. Picha ya CT ya saa za mwanzo inaona damu iliyovuja vizuri, lakini kiharusi cha mshipa kuziba kinaweza kisionekane mapema. Jibu safi halimaanishi kuruhusiwa nyumbani kama mkono bado umelegea. Kwa kiwango cha dawa, andika saa ya dozi ya mwisho na saa ya kutolewa damu. Kwa ufuatiliaji wa kawaida damu hutolewa kabla tu ya dozi ya asubuhi, lakini mgonjwa akiwa na dalili za sumu itolewe muda huohuo. Mgonjwa apimwe uwezo wa kumeza kabla ya kupewa chochote, na kama hamezi, kumbusha kwamba dawa ya kifafa inahitaji njia nyingine, ya dripu au ya mpira wa puani, kwa kuwa wodi yenye shughuli nyingi inaweza kuruka dozi tatu bila mtu kugundua.

Hatua ya saba: usiache dawa kwa uamuzi wa nyumbani

Baada ya hofu kama hiyo, wengi hutupa vidonge. Kuacha ghafla, na hasa fenobabitali, kunaweza kuleta mitukutiko inayofuatana bila kukata, hali ambayo huua au kuharibu ubongo. Kama unadhani dawa imezidi na huwezi kufika hospitali usiku huo, piga simu kliniki au kituo cha afya kilicho karibu na uelezwe kuhusu dozi inayofuata. Asipoamka vizuri au akishindwa kumeza, mjadala wa simu uishe na safari ianze. Kubadilisha dawa moja kwa nyingine hufanywa kwa kuingiza mpya polepole huku ya zamani ikipunguzwa, kwa wiki au miezi.

Ikithibitika kwamba ilikuwa kiharusi, kifafa hakiondoki kwenye hesabu. Dawa za presha, sukari, mafuta na kuzuia damu kuganda zitaingia kwenye orodha, na baadhi hugongana na fenitoini, kabamazepini na fenobabitali, kwa hiyo kliniki mbili zinapaswa kusoma karatasi moja. Presha ipimwe nyumbani mara kwa mara, kwa mkono uleule.

Hatua ya nane: daftari

Daftari la shule la kurasa 48 linatosha. Upande wa kushoto andika tarehe, dawa, miligramu na saa ya kumeza. Upande wa kulia andika mitukutiko, muda wake, upande ulioanzia, na kama mkono ulilegea baadaye na kwa muda gani. Kata ubavu wa boksi lenye jina la dawa na kiwanda, uugundishe kila linapoingia boksi jipya. Ukurasa wa mwisho andika kwa herufi kubwa majina ya dawa ambazo mgonjwa huyo hatakiwi kuuziwa bila kuuliza, na namba ya simu ya mtu wa kupigiwa.

Shangazi bado ana lake. Kwenye jalada, kwa kalamu ya wino mwekundu, ameandika mwenyewe: "Ninatumia kabamazepini. Usiniuzie eritromaisini." Analitandaza kaunta ya duka la dawa kabla hajasalimia.